MPANDA BAISKELI WA MASHINDANO NAYE NI MFANYAKAZI



Wako watakaouliza karatasi yetu hii ya chama ina shughuli gani na mashindano ya baiskeli. Watasema kurasa hizi ni za mishahara, likizo, saa za ziada na kesi za wenzetu waliofukuzwa, na kwamba habari za michezo zina magazeti yake. Nawaomba wavumilie kidogo. Mashindano ninayotaka kuyazungumza ni kazi, tena kazi nzito kuliko nyingi tunazozijua hapa Magongo, na mambo yaliyowapata watu wanaoifanya yafanana na yetu hata ungedhani yametokea Kipevu.

Nasema habari za yale mashindano makubwa ya siku nyingi, ambayo watu hutoka mji mmoja leo, wakalala mji mwingine, na kesho wakaondoka tena. Kila mwendo wa siku huitwa hatua. Saa za kila mtu huandikwa na kujumlishwa toka siku ya kwanza hata ya mwisho, na mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye mshindi. Anayechelewa kupita muda uliowekwa hutolewa, kesho yake haruhusiwi kuondoka na wenzake. Mashindano yaliyo makubwa kuliko yote ya namna hii ni yale ya Ufaransa, Tour de France: hatua 21, kilomita kama 3,500, katika wiki tatu zenye siku mbili tu za kupumzika. Mwenye kutaka kupima na aifikirie njia yetu wenyewe. Kutoka hapa Magongo, kupanda Mazeras, kupita Mariakani, Samburu, Mackinnon Road na Maungu hata kufika Voi, ni kilomita kama 150. Hatua nyingi za Ufaransa hupita hapo, na milima yao si kilima cha Mazeras. Uko mmoja uitwao Tourmalet ambao barabara yake hupanda hata mita 2,115 juu ya bahari. Basi ukifika Voi unalala, na asubuhi unaondoka tena. Fanya hivyo mara ishirini na moja.

Sasa tuulize swali ambalo mwanachama yeyote huliuliza kwanza: nani aliyeanzisha jambo hili, na kwa faida ya nani?

Si wapanda baiskeli. Mwaka 1903 gazeti moja la michezo la mji wa Paris, jina lake L'Auto, lilikuwa limezidiwa na mshindani wake katika kuuza. Ndipo wakubwa wake wakabuni mashindano ya kuizunguka nchi, ili watu wanunue gazeti kila asubuhi wajue nani yuko mbele. Waliondoka watu 60. Hatua zilikuwa sita tu, lakini jumla ilikuwa kilomita 2,428, na hatua ya kwanza peke yake, kutoka Paris mpaka Lyon, ilikuwa kilomita 467, usiku na mchana. Waliofika mwisho walikuwa 21. Mshindi, Maurice Garin, katika ujana wake alikuwa kibarua wa kusafisha mabomba ya moshi ya nyumba za watu. Gazeti likauza sana, na lile jingine likafa mwaka uliofuata. Hata ile fulana ya manjano inayovaliwa na anayeongoza, iliyoanza mwaka 1919, rangi yake ni ile ile ya karatasi za L'Auto. Mtu alikuwa akitoka jasho huku mgongoni amevaa rangi ya tajiri.

Tajiri yule aliitwa Henri Desgrange, na masharti yake nyapara yeyote wa zamani angeyapenda. Mpanda baiskeli alikatazwa kusaidiwa na mtu kwa lolote. Mwaka 1913 Mfaransa mmoja, Eugène Christophe, alivunjikiwa uma wa gurudumu la mbele katika kuteremka Tourmalet. Alitembea kwa miguu zaidi ya kilomita kumi, baiskeli begani, mpaka akapata kiwanda cha mhunzi. Mhunzi hakuruhusiwa kugusa chuma. Christophe mwenyewe akafua uma wake kwa nyundo, na wasimamizi wa mashindano wamesimama wakimtazama. Kazi ile ilimchukua saa nyingi. Lakini mikono ya mtu ni miwili tu, na moto wahitaji mvukuto, basi mtoto mdogo akamvukutia. Kwa kosa hilo la kuvukutiwa na mtoto, akaongezewa dakika za adhabu.

Mwaka 1924 Henri Pélissier, aliyekuwa mshindi wa mwaka uliotangulia, aliacha mashindano pamoja na nduguye Francis na mwenzao Maurice Ville. Ugomvi ulikuwa juu ya fulana. Asubuhi huondoka na baridi, mtu huvaa fulana mbili. Jua likipanda hutupa moja. Sharti lilisema lazima umalize na kila kitu ulichoanza nacho, na msimamizi alikuwa akimfunua nguo kuhesabu. Pélissier akasema yeye si mtoto. Wakaketi katika mkahawa wa mji wa Coutances, wakamwonyesha mwandishi Albert Londres dawa walizokuwa wakitumia ili mwili usisimame: kokeini kwa macho, klorofomu kwa fizi, na vidonge vya kila namna. Maneno yao yaliandikwa gazetini na Ufaransa nzima ikasoma. Mtu akisema leo kwamba uchafu wa dawa katika mchezo huu umetokana na tamaa ya wapanda baiskeli peke yao, na akumbuke ni nani aliyepanga urefu wa safari.

Ndugu zangu, nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu watu wengi huona picha ya mshindi akimwagiwa mvinyo, wakafikiri ni mtu mmoja mwenye bahati. Ukweli ni kwamba anayeshinda amebebwa. Timu ya Tour de France ni watu wanane, na mmoja au wawili tu ndio wanaotazamiwa kushinda. Waliobaki, Wafaransa wenyewe huwaita watumishi. Kazi yao ni kukaa mbele na kukata upepo, maana anayefuata nyuma ya mwenzake hutumia nguvu kidogo sana. Kurudi nyuma kwenye gari kuchukua chupa za maji na kuzipeleka mbele. Na mkubwa wao akipata pancha mlimani, kumpa gurudumu lao wenyewe, wakabaki wamesimama pembeni. Mtumishi aweza kufanya kazi miaka kumi asipande jukwaani hata siku moja. Kila aliyefanya kazi ya gengi bandarini ajua jambo hili. Meli ikimalizwa kabla ya wakati, jina linalotajwa ofisini si la yule aliyekuwa chini kabisa ya tumbo la meli.

Hata hivyo wana desturi moja ambayo ningependa tuitazame. Mshindi wa Tour hupewa yuro 500,000, na mshindi wa hatua moja yuro 11,000. Lakini kwa desturi fedha hizo haziendi mfukoni mwake. Hutiwa katika chungu kimoja na kugawiwa wenzake, na mara nyingi hata mafundi na wakandaji hupata fungu. Hakuna serikali iliyowalazimisha. Wamejua wenyewe kwamba bila mtumishi hakuna fulana ya manjano. (Nilipomweleza mwenzangu mmoja wa yadi ya makontena, alicheka, akasema angalipenda kuona meneja wake akigawa bonasi ya Krismasi kwa njia hiyo.)

Na mgomo wao je? Ninaoupenda kuliko yote ni wa tarehe 12 Julai 1978. Wenye mashindano walikuwa na mazoea ya kuigawa siku moja kuwa hatua mbili, maana kila mji unaopokea hatua hulipa, na miji miwili hulipa zaidi ya mmoja. Kwa mpanda baiskeli maana yake ilikuwa kufika hotelini usiku sana, kuamshwa kabla ya jua, kukimbia asubuhi, kula haraka haraka, na kukimbia tena mchana. Siku ile walitoka Tarbes kwenda Valence d'Agen kwa mwendo wa pole kama watu waendao sokoni. Walipokaribia mwisho wakashuka wote, wakazishika baiskeli zao mkononi, wakavuka mstari kwa miguu. Mbele yao alikuwa Bernard Hinault, kijana wa miaka 23, amesimama kifua mbele. Watu waliokuwa wamengoja tangu asubuhi wakawazomea. Hatua ikafutwa. Hinault alishinda mashindano yale, na baadaye akashinda mengine manne, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba mgomo ni silaha ya wavivu.

Sitaki kudanganya: hatua mbili kwa siku hazikukoma mwaka ule. Ziliendelea mpaka mwanzo wa miaka ya 1990. Lakini tangu siku ile wenye mashindano walijua kwamba kundi lile laweza kusimama. Chama cha wapanda baiskeli wa kulipwa, CPA, kiliundwa mwaka 1999, kikawa kinakaa meza moja na wenye timu kupatana juu ya kima cha chini cha mshahara. Wanawake walikawia zaidi. Timu zao za juu zilianza kuwa na kima cha chini mwaka 2020 tu, yuro 15,000 kwa mwaka, ndipo kikaongezwa mwaka hata mwaka; na Tour yao ya sasa ilianza mwaka 2022, wakati huo ikiwa ya siku nane. Oktoba 2020, katika mashindano ya Italia, walipangiwa hatua ya kilomita 258 kutoka Morbegno kwenda Asti, mvua ikinyesha, wiki ya tatu. Wakakataa. Wakubwa walikasirika sana mbele ya kamera, lakini hatua ikapunguzwa karibu nusu.

Mtu wa Magongo atasema: hayo ni ya Wazungu. Yalikuwa, sasa siyo. Rwanda walianza mashindano yao ya kuzunguka nchi mwaka 1988, na tangu 2009 yamo katika kalenda ya chama cha baiskeli cha dunia. Kwa kawaida ni siku nane za vilima, na watu hujaa barabarani kote. Septemba 2025 mashindano ya ubingwa wa dunia yenyewe yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Mwaka 2015 Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alivaa fulana ya milima katika Tour de France. Mwaka 2024 mwananchi mwenzake, Biniam Girmay, alishinda hatua tatu za Tour na kurudi na fulana ya kijani. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hata hatua moja.

Nasi Kenya tuna lipi? Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na huko Kikuyu alijifunza baiskeli kwa David Kinjah, mtu ambaye hata leo vijana wengi wa baiskeli nchini ni wanafunzi wake. Froome aliikimbilia Kenya mpaka mwaka 2008. Kisha akahamia Uingereza, na Tour zake nne, za 2013, 2015, 2016 na 2017, zikaandikwa kwa jina la Uingereza. Wengine humlaumu. Mimi simlaumu. Kibarua akiona mahali pengine pana kazi ya kudumu, huenda.

Lakini jina ambalo ningependa vijana wetu walijue kabla ya la Froome ni la Suleiman Kangangi. Huyu ni Mkenya aliyekuwa wa tatu katika mashindano ya Rwanda mwaka 2017, kisha akawa kiongozi wa timu iitwayo Amani, ambayo iliundwa ili vijana wa Afrika Mashariki wapate kukimbia na dunia. Tarehe 27 Agosti 2022, katika mashindano ya barabara za changarawe huko Vermont, Marekani, alianguka akafa. Alikuwa na miaka 33. Simshutumu mtu kwa kifo kile, na wenzake walimlilia kwa haki. Nasema tu kwamba ile ni kazi ya kufa. Mtu hushuka mlima kwa kasi ya gari, amevaa kitambaa chembamba na kofia. Mahali pa kazi ambapo mtu aweza kufa, swali la kwanza ni mkataba, na la pili ni bima.

Na hapa ndipo penye jambo langu. Kijana wa pwani akianza mchezo huu hataanzia Ufaransa. Ataanzia katika klabu, au akibahatika, katika timu ya ngazi ya tatu, ambayo ndiyo iliyo na Waafrika wengi. Na ngazi ile haina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na chama cha dunia. Tena timu zote, kubwa na ndogo, huishi kwa fedha za kampuni ambayo jina lake liko kifuani. Kampuni ikichoka, timu hufa, na watu wote hutafuta kazi. Timu ile ya Afrika Kusini iliyomfikisha Teklehaimanot katika Tour ilibadili majina mara kadhaa na kutoweka katika ngazi ya juu mwisho wa mwaka 2021. Timu ya Arkéa ya Ufaransa ilifungwa mwisho wa 2025. Hata timu ya Girmay mwenyewe ililazimika kuungana na nyingine, naye akaenda kwingine. Kama hayo humpata mwenye fulana ya kijani, kijana wa Magongo aliyeahidiwa kwa mdomo atapata nini?

Sheria zetu za mwaka 2007 ni nzuri kwa anayeitwa mwajiriwa. Sheria ya Kazi yataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini yamlazimu mwajiri amkatie bima mfanyakazi, na mfanyakazi akifa kazini, wanaomtegemea hulipwa mapato ya miezi 96. Lakini neno ni lile, mwajiriwa. Kijana aliyepewa fulana yenye jina la kampuni, soda, na elfu mbili za nauli, akivunjika mguu ataambiwa yeye si mwajiriwa, alikuwa akicheza tu. Maneno hayo tumeyasikia wapi? Ni yale yale wanayoambiwa vibarua wanaoitwa getini kila asubuhi miaka mitano mfululizo.

Kwa hiyo siku mashindano ya hatua kama yale ya Rwanda yatakapoletwa hapa pwani, na naomba yaje, maana njia ya kutoka hapa mpaka Voi, au ya kwenda Lunga Lunga, au ya Malindi, yafaa kabisa, chama chetu kisingoje kualikwa kupiga makofi. Kiulize mapema: wanaokimbia wameandikiwa? Wamekatiwa bima? Zawadi zitalipwa lini, na kwa mkono wa nani? Kuna wanaosema tukiuliza sana tutawafukuza wadhamini. Maneno hayo pia si mageni. Kila nyongeza ya mshahara iliyopata kudaiwa Mombasa, palikuwa na mtu wa kusema meli zitahamia bandari nyingine.

Liko jambo jingine, dogo kwa wakubwa, kubwa kwetu. Mashindano yakipita, polisi hufunga njia, malori husimama, na mpanda baiskeli anakuwa mfalme wa lami kwa saa moja. Saa ya pili malori ya makontena yanarudi. Muuza mkate na baiskeli yake, mlinzi atokaye zamu ya usiku, fundi anayekwenda Port Reitz na mfuko wa vyombo kwenye mpini, wote wanarudi kubanwa ukingoni. Pale palipo na njia ya pembeni, mara nyingi imeshikwa na lori lililoegeshwa au biashara ya mtu, basi mwenye baiskeli hana budi kuingia barabarani. Hawa nao ni wapanda baiskeli wa hatua, kila siku, kwenda na kurudi. Na ile sheria ya mafao, inapotaja safari ya kwenda kazini, husema habari za chombo kilichotolewa na mwajiri bila malipo. Aliyekuja na baiskeli yake mwenyewe hutazamwa vingine akigongwa njiani.

Nitalileta jambo hili katika mkutano wa tawi. Naomba kila mwanachama anayekuja kazini kwa baiskeli aandike mahali anaposukumwa nje ya njia, kutoka mzunguko wa Changamwe mpaka Miritini na kwenye njia ya uwanja wa ndege, saa ngapi, na kwa sababu gani, ampe mwakilishi wa wafanyakazi wa mahali pake. Karatasi yoyote yafaa, hata ya sigara.

Mwanachama, Magongo